Mke wa Kwanza Yuko Darini

Jumatatu, 8 Septemba

Bishar ameniletea flashi ndani ya bahasha ya kaki, kama nyaraka za serikali. Filamu ya kutisha, ya Kikorea. Anataka niitazame kabla ya Jumapili, siku wazee wake wanakuja kuniposa, ili tuwe na la kuzungumza. Nimejitakia. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba tamthilia ni chakula cha wavivu, na kwamba filamu ya kutisha ndiyo sanaa pekee inayokiri kuwa nyumbani kuna kitu kibaya. Bado naamini hivyo. Sijawahi kumaliza hata moja.

Tatizo: kompyuta yangu imekufa. Runinga ni moja, ya sebuleni, na rimoti hukaa chini ya mto wa Ayeeyo Timiro, nyanya yangu. Ayeeyo haruhusu jini litajwe nyumbani, sembuse kuonyeshwa. Na jibu la posa litatoka kinywani mwake. Baba hajawahi kumpinga mama yake.

Mpango: Ayeeyo hajui Kiingereza. Tamthilia zake za Kituruki huja zikiwa zimetiwa sauti za Kisomali. Hii ina maandishi ya Kiingereza chini. Nitamsomea mimi. Nitakachosoma ni shauri langu.

Jumanne, 9 Septemba

Baada ya alasiri. Nimemwambia ni tamthilia mpya. Bwana na bibi wamehamia nyumba kubwa kando ya mlima. Hadi hapo sikudanganya. Kisha kitu cheupe chenye nywele hadi magotini kikateremka kutoka darini, kichwa chini. Nikafumba macho. Kwa tafakuri. Ayeeyo akauliza huyu ni nani. Nikasema neno la kwanza lililokuja: mke wa kwanza.

Akaongeza sauti ya runinga.

Maoni yake: nywele za yule mama hazijaona mafuta tangu aolewe. Anatambaa kwa sababu ya njaa. Na ni mwanamume gani anayemficha mke darini, halafu anaoa mwingine bila kumwambia? Kucha zilipoanza kukwaruza mbao, Ayeeyo akasema taratibu kwamba anadai haki yake. Jirani yetu Rukiyo, aliyekuja kuleta maziwa ya ngamia, akaketi na kumshauri mke mdogo ampelekee mwenzake chai.

Sielewi. Tulikuwa wanawake watatu mbele ya jini, na mwoga nilikuwa mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Siham amerudi kutoka chuoni. Binti wa ami yangu, mpenzi mkubwa wa tamthilia. Mwezi uliopita nilimwambia mbele ya watu kwamba shujaa wake alilia mlangoni sehemu tatu nzima na mlango haukuwa umefungwa. Hajanisamehe. Kiingereza anakisoma haraka kuliko mimi, kwa sababu hafumbi macho.

Aliketi nasi kutazama sehemu iliyobaki. Akasoma maandishi, akanitazama, akasoma tena. Nikangoja aniumbue. Hakuniumbua. Alimuuliza Ayeeyo kama nimekwisha kueleza kazi ya yule bwana. Sikuwa nimeeleza. Basi Siham "akasoma": bwana ni fundi wa pampu za visima, husafiri wiki nzima, kila mji ana chumba.

Bishar ni fundi wa pampu za visima. Wiki hii yuko Modogashe.

Nikasema hivyo sivyo ilivyoandikwa. Siham akaniuliza, kwa sauti ya asali, basi imeandikwaje, dada. Nikatazama. Yule mama alikuwa amejikunja juu ya kabati, na chini yake imeandikwa kwamba hakuna atakayetoka humo hai. Nikasema kazi haijatajwa. Siham akasema imetajwa, ila mimi nilikuwa nimefumba macho. Ningejiteteaje? Nilikuwa nimefumba.

Umeme ukakatika kabla ya mwisho. Gizani nikasikia Ayeeyo akiuliza Bishar amepanga chumba cha namna gani huko Modogashe.

Ijumaa, 12 Septemba

Ami Aden, dereva wa lori, alikuwa njiani kwenda Isiolo. Ayeeyo amempigia simu na kumwagiza asimame Modogashe, aingie chumbani kwa Bishar, apande darini. Aden akauliza atafute nini. Akaambiwa atakijua akikiona.

Akapiga baadaye. Chumba hakina dari. Mabati matupu.

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Ayeeyo akakata simu.

"Basi amemficha kwingine," akasema.

Nimewaza kusema ukweli. Nikisema, nimeingiza jini nyumbani na kumdanganya nyanya yangu. Nisiposema, nampoteza mwanamume pekee aliyewahi kuniandikia kurasa kueleza kwa nini mlango unaolia unatisha kuliko damu. Nimeamua kungoja. Kungoja si uongo.

Jumapili, 14 Septemba

Wazee wamekuja. Bishar alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, akaketi kama mtu anayengoja mtihani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

Dua haijapoa, Ayeeyo akamuuliza: "Mwanangu, mke wako wa kwanza umemweka wapi?"

Bishar akaapa kwamba hajaoa. Ayeeyo akasema hata yule wa kwenye runinga aliapa. Yupi, Bishar akauliza. Akaelezwa yote: mlima, nyumba kubwa, dari, nywele. Nikauona uso wake ukiitambua filamu yake kidogo kidogo. Akanitazama. Nikamtikisia kichwa. Mtu mwerevu angenyamaza. Bishar ni mkweli, ndiyo kasoro yake.

"Ayeeyo, yule si mke. Yule ni jini."

Ayeeyo hakukasirika. Alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, kila mwanamume akimchoka mke wa kwanza husema ni jini."

Wazee wawili wa upande wa Bishar wakaitikia kwa vichwa. Wana uzoefu, nadhani.

Uamuzi: jibu la posa litatolewa Jumatano, tukishaona kama yule mama amepata haki yake. Bishar awepo.

Jumatano, 17 Septemba

Kwanza nilimalizana na Siham. Nilikiri mbele ya Rukiyo kwamba ule mlango wa shujaa wake huenda ulikuwa umefungwa kwa ndani. Iliniuma kuliko jino. Siham akaahidi kunyamaza.

Kisha nikausoma mwisho wote macho yamefumbwa. Palikuwa na mayowe. Nikasema ni vigelegele. Rukiyo akauliza ile nyekundu ukutani ni nini. Hina, nikasema, wanajiandaa. Bwana ametubu, amemshusha mke wa kwanza darini, amemjengea nyumba huku kwetu Sangailu na kumpa ng'ombe sawasawa na wa mke mdogo. Wote wakaishi kwa amani. Bishar alipatwa na kikohozi kikali, ikabidi aletewe maji.

Ayeeyo alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. Akasema hajaona tamthilia yenye haki kama hii. Zile za Kituruki watu hulia tu. Akamgeukia Bishar na kumwambia amekubali.

Nikaanza kusema alhamdulillahi. Yeye akaendelea. Ila mwanangu ajifunze kwa yule bwana. Ajenge nyumba mbili tangu sasa, zinazolingana, ili siku ya siku asimweke mtu darini. Bishar akasema inshallah. Bishar angesema inshallah kwa lolote wakati ule.

Siham akauliza, kwa sauti ileile ya asali, ya pili atakaa nani.

Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nimeposwa, hilo ni hakika, na mke mwenzangu ana kiwanja kabla hajapatikana. Lakini jambo hili haliwezi kunishinda. Nimemwandikia Bishar alete flashi nyingine, yoyote, mradi iwe na moto. Ayeeyo lazima aone yanayompata mwanamume mwenye nyumba mbili.

Sijui filamu itakuwa ipi. Tafsiri ninayo tayari.