Jinsi Restuta wa Mlowo Alivyoikalisha Punje

Sogeeni, enyi wa Mlowo na Vwawa, nanyi wa Tunduma mnaolala na kuamka na foleni ya malori. Zimeni redio, funikeni vyungu, kwani inasimuliwa habari ya Restuta binti Tabita, mshika-kope, mtiisha-vumbi, aliyeingia vitani dhidi ya punje moja ya udongo.

Punje hiyo ilitoka kwenye mibuni ya mama yake. Miaka nenda miaka rudi Tabita alitia mbolea, na miaka nenda miaka rudi mibuni ikadumaa. Restuta akaapa kumjua mwizi wa mbolea hiyo. Ng'ambo uko mtambo mpana kuliko uwanja wa mpira, umulikao eksirei nyembamba kupita kiasi. Na kwa jinsi punje inavyoimeza mionzi ile, huonekana ni madini gani yameikumbatia mbolea yasitake kuiachia mizizi, hata mahali padogo mara elfu kuliko upana wa unywele. Zamu ya Restuta kwenye mtambo ilikuwa wiki ijayo. Akiikosa, hakuna aliyejua ya pili ingekuja lini, na Tabita alishaanza kusema ang'oe mibuni.

Punje huwekwa juu ya kidirisha, utando mwembamba usiostahimili hata kidole. Vidirisha vyake vilipasuka kwenye bodaboda, kikabaki kimoja tu. Na basi la Dar, la kupeleka kifurushi kikapande ndege, lilikwisha kuondoka Tunduma, liko njiani kuja Mlowo.

Basi akaketi mezani sebuleni, jicho kwenye hadubini ya kuazima, akaomba silaha.

"Mama, mzazi wa mashujaa," akanena, "naomba kope. Zangu zimekatika zote vitani."

"Ng'oa, mwanangu," akajibu Tabita, akiutoa uso kama atoaye ng'ombe wa mahari. "Nilikupa maziwa, sembuse kope!"

Kope ikagandishwa kwenye kijiti cha meno. Upanga huo ukashuka; punje ikanasa, ikainuka. Restuta akabana pumzi, maana pumzi moja ingeipeperusha punje, na mibuni pamoja nayo.

Ndipo mlango ukatikisika. "Hodi! Wenyewe mpo?"

Akaingia Mjomba Zabron, kaka mkubwa wa Tabita, mzee wa kanisa, mnguruma-zaburi, ugoro kiganjani. Akasimama akingoja shikamoo yake. Haikuja. Restuta aliona aibu hadi masikioni. Tangu ajue kusema hakuwahi kumnyima mjomba salamu.

"Tabita!" akanguruma. "Ukoo mzima tuliuza kahawa binti huyu asome, naye kasoma mpaka shikamoo imemwisha? Huko chuo ndo wanafundisha hivyo?"

"Kaka, usimsemeshe!" akalia Tabita. "Ameshika shamba!"

"Shamba? Nani kashika shamba kwa kijiti?" Akasogea, akainama juu ya meza, akavuta ugoro ili akili ikae sawa. Pua ikafunguka. Kichwa kikarudi nyuma. Dhoruba ikajikusanya.

Tabita hakungoja. Alivua kitenge chake cha begani, akamfunika kaka yake mkubwa kichwa kizima, akalikumbatia furushi lile kwa mikono miwili. Chafya ikalipuka humo ndani, vikombe vikalia kabatini, kuku wakakimbilia barabarani.

Mezani hakukufika hata upepo. Kope ikagusa utando, ikaachia.

Restuta akageuza uso pembeni, akapumua. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka kitengeni. Akajifunua, akaelezwa yote. "Mkimpata huyo mwizi," akasema polepole, "mniambie. Na kwangu anaiba."

Tabita akainamia hadubini, jicho moja amefumba. Udongo ule aliulima tangu aolewe, wala hakuwahi kuuona ukimeta. "Kumbe mzuri hivi," akasema, na machozi yakamlenga.

Na iandikwe katika tarehe za Songwe, papo hapo penye vita vya machifu na kuchorwa kwa mpaka: asubuhi hiyo Restuta binti Tabita aliweka punje ya udongo mahali pake, nayo ikakaa.