Machozi ya Kuchomelea

Leo nimeaibika. Tena makaburini, tena mbele ya mama mkwe, tena nikiwa nimefumba macho.

Mnisamehe herufi zikipotea. Naandika kwa zamu: jicho la kushoto likichoka nalifunga, naliachia kazi la kulia. (La kulia ni vivu.) Mwanga wa simu nimeushusha mpaka mwisho, na bado unanichoma kama natazama jua la saa saba.

Wanaonijua wanajua mimi ni mlinzi wa geti chuoni Chimwaga. Miaka kumi na moja nalipwa kwa kutazama. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini macho nilikuwa nayo. Mwanafunzi akija na kitambulisho cha mwenzake, namjua akiwa bado hatua kumi. Sasa mtu wa macho ndiye aliyeumbuliwa na macho. Kaeni vizuri.

Mke wangu Perusi alifariki mwaka jana. Tulimzika kwao Mvumi, maana ndivyo alivyoomba. Siku ya mazishi sikulia. Siwezi kuwadanganya, hata tone. Mimi nikifiwa nanyamaza, mikono ndiyo inatafuta kazi. Nilipanga viti. Nikabeba maji. Nikavipanga tena vile viti. Watu wakaona mfiwa anahangaika na viti, wakasema yao.

Mama mkwe naye akasema, lakini si kwangu. Kwetu Wagogo mama mkwe unamheshimu kwa mbali. Humshiki mkono, humsogelei, huli mbele yake. Wangu yeye amezidisha. Miaka ishirini hajanisemesha moja kwa moja. Anamtumia mwanawe Mathayo, shemeji yangu, hata kama nimekaa hatua tatu tu kutoka kwake na nasikia kila neno.

Siku ile ya mazishi alisema, "Mathayo, muulize mkwe wangu: macho yake yamekauka, au hakumpenda mwanangu?"

Mathayo akanigeukia. "Mama anauliza..."

"Nimesikia," nikasema.

Nikarudi kwenye viti vyangu.

Baadaye nikamtuma Mathayo huyo huyo na ombi moja. Pembeni ya kaburi la Perusi pana nafasi. Niliomba siku yangu ikifika nilazwe pale. Ni makaburi ya ukoo wao, na neno la mwisho ni la mama. Jibu likarudi hivi: "Mwambie mkwe wangu, mtu asiyemlilia mtu halali jirani naye." Hilo ndilo nimeishi nalo miezi yote hii.

Sasa tuje leo.

Msalaba wa mbao mchwa wameumaliza. (Mchwa wa Mvumi hawana habari na msiba wa mtu.) Tukakubaliana tuweke wa chuma, mchungaji aje aombe, leo saa tisa alasiri. Basi asubuhi saa mbili nilikuwa Kizota kwa fundi wa kuchomelea, kijana mmoja anaitwa Salumu. Msalaba wenyewe ulikuwa tayari, limebaki jina. Anakata vipande vya nondo, anavipanga kufuata chaki, halafu anavichomelea kimoja kimoja.

Akavaa kinyago chake chenye kioo cheusi. "Mzee, geukia kule. Moto huu hautazamwi."

"Mimi nimezaliwa Dodoma," nikamwambia. "Jua nimelizoea."

"Jua hujawahi kulitazama, mzee. Unapita chini yake tu."

(Maneno mazuri sana yale. Ningeyasikiliza, saa hizi ningekuwa nakula.)

Nikageuka kweli. Nikatazama ukuta. Ukuta nao ukawa unawaka bluu, unazima, unawaka, na kivuli changu kinaruka juu yake kama kuku aliyekatwa shingo. Nyuma yangu nasikia chuma kinachemka. Nikajua hiyo ni P. Nikajiambia nitazame P tu, nione kama imekaa wima. Ilikuwa imekaa wima.

Sasa ukishaiona P, E unaiachaje?

Nikatazama. Nilikunja uso, nikidhani kukunja uso ndiko kujikinga. Katikati ya kazi Salumu akainua kinyago, akaniona. "Mzee!" Nikageuka. Akashusha kinyago, nikageuka tena. Perusi Ndahani, herufi kwa herufi, kila moja inazaliwa nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, halafu inapoa inakuwa nyekundu, halafu inakuwa chuma. Na haikuuma! Hilo ndilo la ajabu. Haikuuma hata chembe. (Kinachoumiza papo hapo kina adabu. Hiki hakina.)

Alipomaliza, ule mstari wa I ya mwisho ukakataa kuondoka. Nikitazama ukuta, upo ukutani, wa kijani. Nikitazama chini, upo chini. Nikimtazama Salumu, umesimama katikati ya paji la uso wake.

"Fundi, una rangi usoni."

"Sina rangi. Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa. "Mzee, leo utalia."

"Mimi silii," nikasema. "Uliza Mvumi nzima."

Nikafumba macho nione kama ule mstari utaondoka. Ukanifuata mpaka ndani, umegeuka zambarau. Baada ya dakika chache ukafifia, ukaisha. Nikajua mambo yamekwisha. Salumu akaupaka msalaba rangi ya fedha, inayong'aa. (Rangi ya fedha! Ikumbukeni hiyo.)

Saa saba Mathayo akaja na kirikuu, kigari chake cha kubebea mizigo. Tukaulaza msalaba nyuma, tukaondoka. Njiani macho yakaanza kuwasha. Nikalaumu vumbi. Mathayo akafunga vioo. Yakazidi. Nikalaumu vioo. Tunaingia Mvumi saa nane, nahisi kama mtu kanimwagia mchanga chini ya kope, halafu amekaa anausugua kwa raha zake.

"Shemeji, mbona macho mekundu?" Mathayo akauliza.

"Ni safari."

"Safari ya saa moja?"

Nikageukia dirishani.

Makaburini watu walikuwa wamefika. Nikasimama mbali kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Mathayo, mwambie mkwe wangu marahaba."

Mathayo akaniambia marahaba. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Wanaoijua Mvumi wakati wa kiangazi wanaelewa ninaposema jua. Ardhi nyeupe, mbingu nyeupe, kivuli cha kwako mwenyewe kinakukimbia. Msalaba ukasimikwa, zege likamwagwa. Jua likagonga ile rangi ya fedha, likaruka, likaja moja kwa moja usoni kwangu.

Macho yakagoma. Yakajifunga yenyewe. Nayafungua kwa nguvu, yanajifunga. Na kila yakijifunga, maji.

Simaanishi machozi mawili matatu. Ni mfereji! Yanapita mashavuni, yanaingia kwenye kola, pua nayo ikaona isibaki nyuma. Mlinzi mzima, na suti ya kuazima.

"Jamani, mtazameni mfiwa!" mwanamke mmoja akasema. Sauti yake ikakatika, akaanza kulia. Wa pili akapokea. Wa tatu. Ndani ya dakika moja makaburi yote yanalia kama siku ile ya mazishi. Mchungaji akaacha kusoma. "Mwacheni alie," akasema. "Yamekaa ndani muda mrefu." Mtu akanishikisha kanga nijifute.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe. Ilikuwa chini, haina makali yake. "Mathayo. Mwambie mkwe wangu... nimeona."

Ndugu zangu, nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza! Kazi ninayoiweza kuliko zote! Ile nafasi ilikuwa inakuja yenyewe. Lakini nilijisikia kama yule mwanafunzi anayepita getini na kitambulisho cha mwenzake. Nikalazwe jirani na Perusi kwa machozi ya umeme? Yeye mwenyewe angenisukuma nitoke.

Nikaamua nimweleze Mathayo. Aniondoe pale, kisha amweleze mama nyumbani, polepole. Mathayo alikuwa amesimama kulia kwangu. Nilikuwa na hakika, nilimwona kabla macho hayajajifunga. Nikanyoosha mkono kulia, nikapata bega. Nikalishika. Nikaliegemea kwa uzito wangu wote, nikaweka paji la uso juu yake, nikanong'ona:

"Shemeji, nitoe hapa. Haya si machozi ya msiba. Ni ya kuchomelea. Nilitazama moto wa fundi asubuhi, macho yameungua. Mama usimwambie hapa mbele za watu."

Bega halikujibu.

Nikagundua bega lenyewe ni jembamba. Nikagundua limefunikwa kanga. Linanukia sabuni ya mche na moshi wa kuni. Mathayo ananuka sigara.

Sauti ya Mathayo ikaja kutoka ng'ambo ya kaburi, alikokuwa amekwenda kushikilia msalaba usilale. "Shemeji," akasema taratibu. "Huyo ni mama."

Kilio kikakatika kama redio iliyokwisha betri. Kumbe machozi yangu ndiyo yaliyomsogeza karibu. Miaka ishirini sijakanyaga hata kivuli chake. Leo nimemwegemea kama gunia la karanga, na juu yake nimemnong'oneza siri ambayo yeye ndiye hakutakiwa kuisikia. Mzee mmoja nyuma akasema neno la Kigogo ambalo hapa siliandiki.

Nikarudi nyuma kwa heshima zote. Nikaingiza mguu kwenye karai la zege.

Aliyeniokoa ni Debora, binamu yake Perusi, ambaye ni nesi. Akanishika, akanitoa karaini, akanifungua kope kwa vidole. Akacheka puani. "Umetazama kuchomelea."

"Ndiyo."

"Macho yameungua, kama ngozi inavyoungua jua. Na siyo ule mwanga mweupe uliouona uliokuchoma. Umo mwingine humo humo ndani, jicho haliuoni kabisa, ndio unaochoma. Maumivu yanakuja baadaye, ukiwa umeshasahau. Siku mbili yatapona, usiyasugue." Halafu akaniuliza kwa sauti, kila mtu asikie, maana Debora hana sauti nyingine: "Lakini shemeji, si ulimwona fundi amevaa kinyago? Kwa nini hukugeuka?"

Nikafikiria jibu la maana. Nikasema lililokuwepo.

"Alikuwa anaandika jina lake."

Nilisikia zege likidondoka kutoka kwenye kiatu changu.

"Wewe."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Naam, mama," akaitika Mathayo.

"Si wewe. Yeye."

Miaka ishirini!

"Naam, mama," nikaitika, nikigeukia nilikodhani yupo. (Debora akanizungusha upande wa pili.)

"Ulitazama herufi ngapi?"

"Zote, mama. Kumi na tatu."

"Fundi hakukukataza?"

"Alinikataza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

Nikasikia anavuta pumzi kwa vipande vipande, nikajua nimemliza. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anacheka! Alianza kidogo, kama aliyeziba mdomo, kisha akashindwa, akashika msalaba asianguke, Mathayo anapiga kelele zege halijakauka.

"Perusi aliniambia," akasema alipopata pumzi. "Siku anamleta nyumbani. Aliniambia, mama, huyu mtu si mbaya, ni mjinga tu."

(Sikujua kama ni pa kushukuru. Nikashukuru.)

Akajifuta uso, nilisikia kanga. Kisha akarudi kwenye desturi yake, sauti na makali yake yote. "Mathayo, mwambie mkwe wangu, kwa kunishika bega ataleta mbuzi."

Mathayo akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Na umwambie, pale pembeni ya mwanangu hapapandwi kitu. Pana mwenyewe."

Safari hii Mathayo hakurudia. Alijua nimesikia.

"Na umwambie asiharakishe."

Msiniulize kama machozi yaliyotoka baada ya hapo yalikuwa ya umeme au ya kwangu. Yalipita njia ile ile, na mimi siapi kwa kitu nisichokiona.

Sasa nipo chumbani kwa Mathayo, pazia limeshushwa, kitambaa cha maji baridi usoni. Anayetaka kucheka acheke leo na kesho, maana siwaoni. Kesho kutwa narudi getini.