Mgonjwa ni Mita

Jumatatu, 3 Juni
Siku imefika! Jirani yangu Bi Miwani kaja na gari linalolia kri-kri-kri nyuma ya dashibodi, kama lina panya anayetafuna. Likikazana mwendo, nalo linakazana kulia. Nikamwambia kuwa mwanangu ni fundi wa magari, cheti kipo ukutani. Kanitazama juu ya miwani, kauliza tangu lini wasichana wanalala chini ya magari. Kasema kaka yake mwenye gereji anatafuta fundi. Binti akinyamazisha kelele, atamchukua. Huku kwingine kote mwanangu anaambiwa arudi kesho! Safari hii hapana. Nitasimamia mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Mwanangu kaingiza kichwa chini ya usukani. Kasema kuna waya unaozunguka, unatoka kwenye giaboksi hadi kwenye mita ya spidi. Kauchomoa kwenye mita, tukaenda mzunguko mmoja na gari. Kimya! Kimya kabisa! Kabla hajafungua mdomo nilishateremka, vigelegele, funguo mkononi mwa Bi Miwani. Mwanangu ananiita mama, mama, subiri kwanza. Mnyenyekevu sana huyu mtoto. Kanirithi.

Jumatano, 5 Juni
Bi Miwani karudi amefura. Eti mshale umelala kwenye sifuri, gari linakimbia na lenyewe halijui. Mwanangu kanieleza polepole, kama anayenilisha uji: kuchomoa waya kulikuwa kupima tu. Kelele ingebaki, angeushuku waya. Imekoma, basi mgonjwa ni mita. Kaurudisha waya, kri-kri-kri ikaanza upya. Kaomba hadi Jumamosi aifungue na kuisafisha. Jumamosi! Si Bi Miwani atakuwa ameshabadili mawazo?

Alhamisi, 6 Juni
Mimi ni mshonaji. Cherehani ikilia, inapewa mafuta. Mita nayo ni nini, si cherehani iliyovaa kioo? Mwanangu katoka kutafuta bisibisi ndogo. Nikachomoa waya kama nilivyomwona, nikamimina mafuta ya cherehani ndani ya mita. Kichupa kizima. Nikarudisha waya, nikamwita Bi Miwani achukue gari lake. Mwanangu sijamwambia. Nataka ashangae.

Ijumaa, 7 Juni
Kashangaa. Bi Miwani alikuwa anakwenda ukweni, gari linatambaa, mshale unasema mia na ishirini! Kapunguza. Kapunguza tena. Kapitwa na mkokoteni. Kafika wakwe wameshakula na kuosha vyombo. Mwanangu kainusa mita, kaniuliza, mama, umefanya nini? Nikasema nimesaidia. Kaingia chumbani, mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kusema.

Jumamosi, 8 Juni
Mwenye gereji kaja mwenyewe kuona nani kaizamisha mita ya dada yake. Mwanangu hakunitaja! Kaifungua mbele yake, kaiosha, kaikausha, katia tone moja tu la mafuta kwenye kijiti kinachozunguka. Wakaenda mzunguko. Mshale shwari, kelele hakuna. Bwana yule kauliza tena nani alimimina. Mtoto abebe lawama zangu? Nikasema ni mimi! Kacheka hadi kashikilia boneti. Kasema binti aanze kazi Jumatatu, ila mama mtu asikanyage gereji.

Jumapili, 9 Juni
Nimewaza, nimeelewa. Bwana yule anaogopa nitawafunika mafundi wake. Si kitu. Dereva wa lori wa mtaa wa pili analalamika breki zake zinapiga mluzi. Nimemwambia alilete hapa nyumbani, fundi yupo.
Hakuuliza ni yupi.