Mji wa Kumlelea Duni

Jumapili, 1 Oktoba 2017

Nimeamua. Tunahama Johannesburg! Tunakwenda kuishi mji mdogo huko kusini, penye hewa na nafasi.

Sababu ni baiskeli. Binti yangu Duni, ana miaka sita, leo ameiendesha kwenye korido ya nyumba hii ya La Rochelle tunamopanga chumba kimoja na nusu. (Nusu ni baraza lililozibwa kwa mbao.) Akagonga sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ya Mama Gaëlle, jirani yetu Mkongo. Sombe yote sakafuni. Mtoto hawezi kukua hivi. Mtoto anahitaji barabara pana, ng'ombe kwa mbali, na baba mwenye mipango.

Nimemweleza mke wangu, Paskalia. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza kama sisi hatukutoka Korogwe. Nikakubali, tumetoka Korogwe. Akauliza Korogwe ni mji mkubwa au mdogo. Nikasema mdogo. Akauliza ni nani aliyesema atakufa kwa uchovu wa moyo akikaa Korogwe mwaka mmoja zaidi.

Korogwe ni mdogo wa aina nyingine. Hakunielewa. Akarudi kwenye mchele.

Jumanne, 3 Oktoba

Kazini, Midrand. Mimi ni mlinzi wa geti kwenye mtaa wa matajiri uliozungushiwa ukuta. Kazi nzuri kwa mtu wa kufikiri. Fungua, fikiri, funga. Leo nilifikiri hadi magari matatu yakapanga foleni yakipiga honi.

Nimeanza utafiti. Malori ya ghala la jirani hupita mbele yetu. Nikawauliza madereva mji gani wa kusini unafaa familia. Kila mmoja alitaja mji wake, macho yakimlegea. Ilinichukua asubuhi nzima kugundua kwamba kila mmoja anataja mji alikoweka mwanamke. Utafiti umefutwa.

Kosa kubwa: nimemwambia Placide. Huyu ni mume wa Mama Gaëlle, na pia ni mlinzi mwenzangu. Mtu wa Kalemie. Suruali yake imenyooka hata siku ya mvua. Nilitaka tu aone wivu kidogo. Badala yake akatazama mbali, akasema, "Kaka Obadia, hata miye niko nawaza vile. Watoto wanahitaji hewa."

Hata yeye! Wazo langu halijamaliza siku tatu, tayari lina mpangaji.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mungu si Athumani. Nimepata mji!

Bi Denise, bibi wa Kizungu anayepita getini kila asubuhi na mbwa wake, alizaliwa Doringspruit, kusini mwa jimbo la Free State. Nilipotaja miji midogo akashika chuma cha geti, machozi yakamlenga. Milango haifungwi kwa ufunguo, alisema. Pichi zinaanguka njiani, unaokota unakula. Kimya mpaka unasikia saa ya kanisa. Nikauliza alikwenda lini mara ya mwisho. Akasema mwaka alioolewa. Bi Denise ana vitukuu. Lakini mji mzuri haubadiliki.

Mchana Placide akaniuliza kama nimepata. Nikafikiri upesi. Kibandani kwetu kuna ramani ukutani. Nikamgeuzia mgongo, nikafumba macho, nikaweka kidole. Kransdal! Sijawahi kuisikia, wala sijui ina nini zaidi ya doa la kalamu.

"Kransdal, kaka," nikamnong'oneza. "Usimwambie mtu."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikala andazi, ikapita.

Jumapili, 8 Oktoba

Paskalia bado anakataa. Anasema ana wateja wake wa kusuka pale saluni Rosettenville, na hakuna mtu aliyewahi kumshushia kichwa cha mteja kutoka mbinguni. Nikaamua kutumia njia ya kiroho.

Wakati wa ushuhuda nikasimama mbele ya Mchungaji Damien na kanisa zima. Nikatangaza kwamba Bwana ametuonyesha mji wa kusini, mimi na familia yangu, na tunaondoka karibuni. Vigelegele! Mama mmoja alilia. Mchungaji akatangaza chakula cha kutuaga Jumapili ijayo. Kila mtu akamgeukia Paskalia kumpongeza. Akatabasamu. Namfahamu mke wangu. Tabasamu lile lilikuwa na meno mengi mno.

Nyumbani alisubiri Duni atoke nje kucheza.

"Baba Duni, umeniagia watu kabla hujaniuliza?"

Nikasema nilitaka kumfurahisha.

"Haya. Nenda kwanza ukaone. Ulale huko huko. Ukirudi unijibu kitu kimoja tu. Mwaka jana mimba ilipoharibika, aliyenibeba hadi kwenye teksi ni Mama Gaëlle. Wewe ulikuwa getini. Huko Doringspruit nikianguka, nimwite nani?"

Nikasema nitauliza zahanati iko wapi.

"Sijauliza zahanati," akasema.

Kisha akaenda kuanua nguo. Sikuwa na mpango wowote. Hali mbaya sana, sijaizoea.

Jumamosi, 14 Oktoba

Doringspruit! Nimefika tangu asubuhi kwa lori la Bakiri, dereva wa Tunduru anayepeleka kuku wa barafu kusini. Ameniacha hapa, amesonga mbele. Atanipitia kesho alfajiri, nitawahi chakula cha kuagwa.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi. Taarifa kwa ufupi.

Mji una barabara moja ya lami na kanisa lenye mnara mrefu. Saa ya mnara imesimama. Kimya kipo, hakuna ubishi. Nilipotembea, watu walitoka kwenye vibaraza kunitazama. Bwana mmoja akasimamisha gari, akaniuliza kwa adabu namtembelea nani. Nikasema nautembelea mji. Akanifuata taratibu kwa gari, bado kwa adabu, mpaka mwisho wa lami. Milango yote ilikuwa na makufuli, na nyuma ya kila kufuli mbwa. Pichi sikuona.

Shule ni nzuri. Mlinzi wa pale akaniambia wanafundisha Kiafrikaans, na ng'ambo ya reli kuna nyingine inayofundisha Kisotho. Duni anajua Kiingereza, Kizulu cha uwanjani na Kiswahili cha kugombezwa. Nimeliacha hilo kwanza.

Barabara ni pana kama nilivyoota. Lakini hakuna mtoto hata mmoja juu ya baiskeli. Nikashangaa, mpaka nilipoinua mguu. Mbigili! Soli nzima imejaa mbigili. Mji wote umeota mbigili. Tairi haimalizi mtaa.

Gunia hili ni la duka la Warsame, Msomali aliyekulia Nairobi. Niliposikia Kiswahili, kidogo nimkumbatie. Akanipa chai na kunikaribisha kulala hapa dukani. Nikamweleza kwamba natafuta mji wa kuleta familia. Akaacha kupima sukari.

"Wewe umetoka Joburg kuja huku? Kwa hiari yako?"

Nikasema ndiyo.

"Ndugu yangu, mimi natafuta mtu wa kuninunulia duka hili nirudi Joburg, Mayfair, kwa Wasomali wenzangu. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, nikalala siku mbili hapo nyuma. Wateja waligonga, wakaona pamefungwa, wakaenda zao. Hawakuwa wabaya. Hawakujua tu kama mimi ni mtu wa kuulizwa."

Nimemwambia pole. Sidhani kama Paskalia anahitaji kusikia habari hii.

Jumapili, 15 Oktoba

Lori halijaja! Bakiri amepiga simu: breki zimemshika huko mbele, analala njiani. Hakuna basi Jumapili. Warsame amenikopesha kandambili, maana mbigili zimetoboa soli yangu. Saa hizi La Rochelle wananiaga. Naagwa, na mimi sipo!

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimerudi. Hali si shwari.

Chakula kililiwa. Pilau, sombe, samaki wa kukausha, keki yenye jina langu. Kisha Mchungaji Damien akamwita Paskalia aseme neno la kwaheri. Paskalia akasimama, akawashukuru wote. Akasema, "Anayehama ni Baba Duni. Mimi na mtoto tupo." Akakaa, akaendelea kula.

Kwa hiyo kanisa zima limeombea ndoa yangu. Nilipoingia korido tu nikakuta wazee watatu wa kanisa wamekaa kwenye ndoo wananisubiri. Waliniasa hadi giza likaingia. Mmoja alinishika goti akaniambia hata yeye, ujanani, aliwahi kutaka kuikimbia familia yake. Nilieleza kwamba mimi sikimbii, nachagua mji. Wakatazamana kama madaktari.

Paskalia aliniwekea chakula. Akauliza, "Nimwite nani?"

Nikafungua mdomo nimwambie kuhusu saa ya kanisa na ule ukimya. Yakatoka mengine. "Hakuna mtu," nikasema. "Hakuna wa kumwita."

Akaniongezea mchuzi. Naona aliridhika, sijui kwa nini, maana habari ilikuwa mbaya.

Jumapili, 22 Oktoba

Balaa. Placide amerudi kutoka Kransdal, na amerudi anacheka.

Alikwenda na mkewe, siku zao za mapumziko. Kransdal ina shule ya Kiingereza. Ina kiwanda cha maziwa kinachotafuta walinzi, na Placide amekwisha kuandikishwa. Ina nyumba zenye ua. Leo kanisani alisimama akatoa ushuhuda, machozi yanamtoka: "Mji huu alinipatia Kaka Obadia. Alinipa kwa siri. Angeweza kujiwekea mwenyewe, akanipa miye!"

Kanisa zima likanipigia makofi. Wale wazee watatu nao walipiga makofi, ingawa kwa tahadhari.

Nikatabasamu.

Jumatatu, 23 Oktoba

Paskalia ameamka anaimba. Jana walikaa na Mama Gaëlle jikoni mpaka moto ukazimika.

"Baba Duni, Kransdal hakuna msusi. Mji mzima! Wanasafiri kwenda kusuka. Na Mama Gaëlle atakuwa nyumba ya pili. Kiwanda bado kinatafuta walinzi. Mimi nimekubali. Twende."

Nimekubali, kasema! Neno nililolililia wiki tatu. Na mimi? Nimekaa na kikombe cha chai mkononi nikiona jinsi maisha yatakavyokuwa. Placide mwenyeji, mimi mgeni. Placide ananionyesha duka la mkate. Placide ananitambulisha kwa bosi: huyu ni kaka yangu, amenifuata.

Nikasema Kransdal ina upepo mbaya.

"Umefika?"

"Sijafika."

"Umejuaje?"

"Kwa ramani," nikasema.

Kisha akasema, polepole kabisa, kwamba yeye hakuolewa na ramani, na kama nina jibu la mtu mzima nimletee.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mpango mpya, wa haki kabisa. Kransdal niliipata mimi. Kidole ni changu. Nikamwendea Placide zamu ilipobadilika, nikamwomba kiungwana aniachie, yeye atafute mji mwingine. Hata nikajitolea kumpa Doringspruit, nikaisifia kanisa na hewa.

Alidhani natania. Alipoona sitanii akasema, "Lakini Kaka, mji unatosha wote. Mukuje tuishi pamoja. Gaëlle na Duni wanapendana."

Mji unatosha wote. Hiyo siyo hoja!

Nikamwambia mimi nina heshima yangu. Akanishika bega. Ana mkono mzito, wenye upendo. Niliuchukia.

Jumamosi, 2 Desemba

Wameondoka. Bakiri alibeba vyombo vyao. Duni na Gaëlle walishikana mpaka ikabidi wafunguliwe vidole kimoja kimoja. Mama Gaëlle na Paskalia hawakulia mbele za watu. Waliingia bafuni, wakafunga mlango, wakafungua bomba.

Placide alinikumbatia, akasema chumba cha wageni ni changu wakati wowote. Suruali imenyooka. Nikampungia mpaka lori likapita roboti, zile taa za barabarani, na kukata kona.

Paskalia alitoka bafuni macho mekundu. "Jumatatu namwandikisha Duni shule ya hapa Rosettenville," akasema. "Nimechoka kusubiri upepo wako." Sikubishana. Korido imekuwa ndefu ghafla.

Jumatano, 17 Januari 2018

Duni ameanza darasa la kwanza. Nilikuwa na mapumziko, nikampeleka mimi. Sare kubwa, soksi nyeupe.

Tulichelewa! Njia ni fupi lakini hatukuweza kusogea. Fundi cherehani alitoka nje na futi shingoni, akamwita kwa jina, akapiga goti kumwekea pindo la sketi sawa. Mama wa kuuza nyanya akampa ndizi. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, alitaka kujua kama ile homa ya Krismasi imeisha kabisa. Mimi sikuwa na habari kwamba mwenye spaza anaijua homa hiyo. Akasema ni yeye aliyekwenda kununua dawa, Paskalia alipomwita dirishani. Wasichana wa saluni wakaacha vichwa vya wateja wakatoka barabarani kumpigia vigelegele. Bibi wa Kireno wa kona, asiyenisalimu hata siku moja, akambusu Duni utosini na kuniuliza mimi ni nani.

"Ni baba yangu," Duni akamwambia. "Anafanya kazi mbali."

Mbele ya lango la shule mlinzi alikuwa na habari zote tayari. Akanionya nisichelewe tena, akamfungulia Duni kwa saluti.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Haiwezekani! Mtu hapumui, hatembei, kila dirisha lina jicho, kila jicho linamjua mtoto wangu. Maisha gani haya ya kulelea familia? Nimemwambia Paskalia, tena kwa ukali, kwamba hapa hapakaliki. Alicheka mpaka akakaa chini. Sijui alichoona.

Mchana nimenunua ramani mpya. Kubwa zaidi, inaonyesha mpaka baharini.