Stika ya Kona ya Kulia

Kwa mamlaka aliyokuwa anayashikilia kwa muda, Kaimu Mkurugenzi wa Ofisi ya Vyeti alitangaza kwamba kuanzia asubuhi ile kompyuta yoyote isiyo na leseni ni haramu, na anayeitumia ni mshirika wake. Alitangaza akiwa amesimama juu ya kiti na kupaza sauti, maana spika za ukumbini zilikuwa zimeunganishwa na kompyuta, na kompyuta yenyewe ndiyo hiyo haramu.

"Hatuwezi kuhudumia wananchi kwa mashine zisizojulikana baba yao," alisema.

Wafanyakazi wakapiga makofi. Wengine walidhani ni tangazo la posho.

Sasa usije ukaliona jambo lenyewe dogo. Kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ule unaoiamsha na kuipa akili ya kufanya kazi, na mfumo huo ofisi inautumia kwa leseni. Za ofisi hii zilikwisha zamani. Basi kila skrini, kona ya chini upande wa kulia, yakatokea maandishi ya kijivu: Nakala hii si halali. Hayafutiki. Unaandika cheti cha mtoto, yapo. Unafungua picha za harusi ya binamu yako, yapo, yamekaa juu ya gauni la bibi harusi. Na kila baada ya muda mashine inajizima yenyewe kama mtu aliyesusa.

Hela ya leseni ilikuwepo, tena ya kutosha. Ilitumika yote kwenye semina ya hotelini kuhusu umuhimu wa kuwa na leseni. Washiriki walikubaliana kwa kauli moja kwamba ni muhimu.

Kwa Kaimu lilikuwa suala la kufa na kupona. Alikuwa amekaimu mpaka watu wamesahau jina lake. Mlinzi anamwita Kaimu, wanawe wanamwita Baba Kaimu, na mkewe akichukia anasema, "Kaimu, ondoa soksi zako mezani." Hayo alishayazoea. Ambaye hakumzoea ni mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Na kile kiti?"

"Kipo, mama."

"Ni chako sasa, au bado unamshikia mtu?"

Akitoka hapo Kaimu anaendesha gari hadi kwake bila kuwasha redio.

Sasa Waziri alikuwa anakuja kuzindua Mpango wa Kompyuta Halali, na minong'ono ilisema akiridhika, Kaimu anathibitishwa palepale mbele za watu. Kaimu akamwalika mama mkwe, mstari wa mbele kabisa. Kisha akamwita fundi wa kompyuta, mtu mwenye tumbo lake na funguo nyingi kiunoni.

"Rahisi, bosi," fundi alisema. "Unanunua leseni, naziingiza, maandishi yanaondoka."

"Bajeti ya leseni imeshatekelezwa."

"Kwenye nini?"

"Semina."

Fundi akakuna shingo. Na yeye alikuwepo semina, alirudia sahani.

"Niambie," Kaimu akasema. "Gari likiwa halali unajuaje?"

"Lina stika kwenye kioo."

"Na kompyuta haina kioo?"

"Bosi, kwani wewe unataka leseni au unataka stika?"

"Kuna tofauti?"

"Hakuna. Stika inapatikana haraka zaidi."

Stika zikachapishwa, kingo za dhahabu, katikati neno IMEIDHINISHWA, chini sahihi ya Kaimu yenye mkia mrefu. Waraka ukaelekeza zibandikwe kona ya chini upande wa kulia na si penginepo. Zilipobandikwa, yale maandishi hayakuonekana tena kwenye skrini hata moja, na Kaimu akaandika kwenye ripoti kwamba uhalali umefika kila chumba. Saa ya kompyuta nayo hukaa kona hiyohiyo, kwa hiyo mapumziko ya chakula yakarefuka yenyewe. Mashine zikaendelea kujizima. Waraka wa nyongeza ukafafanua kwamba mashine halali ina haki ya kupumzika.

Waraka ulikuwa na meno pia: mashine itakayokutwa haina stika itolewe pamoja na mtumiaji wake, wakae stoo mpaka uhalali upatikane.

Wa kwanza kukamatwa ni Shangazi wa mapokezi. Si shangazi wa mtu pale, ila anagombeza watu wote kama dada wa baba zao. Skrini yake ilipata joto, gundi ikayeyuka, stika ikaanguka.

"Shangazi, stika iko wapi?"

"Iko kwenye chai."

"Kanuni zinasema—"

"Kanuni si umeandika wewe? Ngoja niitoe niifute, ina majani kidogo tu."

"Stika iliyolowa si halali."

"Haya. Shika upande ule wa skrini tuipeleke huko stoo. Usinikodolee macho, Kaimu, mimi nina mgongo."

Kwa hiyo Kaimu ndiye aliyembebea mtuhumiwa skrini, na printa akairudia.

Stoo ilikuwa na viti vilivyovunjika, mapazia ya zamani na harufu ya rangi. Gundi ilikuwa ya bei chee, haikuchukua muda wenzake wakaanza kuletwa. Shangazi akachoka kukaa bure, akamwita fundi.

"Baba, niwekee mchezo wa karata, nitazeekea humu."

"Huo mfumo wako umekwisha, Shangazi. Ila kuna mwingine, wa bure. Waliouunda wameruhusu mtu yeyote autumie. Halali kabisa, hata polisi wakija."

"Una karata?"

"Zimo ndani yake."

"Sasa unangoja nini?"

Akauweka. Kona ya kulia ikawa nyeupe. Shangazi akacheza karata mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia dirishani.

"Samahani, dada. Hapa ndiyo vyeti?"

"Hapa ni jela. Lakini nipe jina la huyo mtoto, printa ninayo."

Habari ikazagaa. Wafungwa wengine nao wakataka karata, wakawekewa, na foleni yote ikahamia dirisha la stoo. Juu ukumbini hapakuwa na mtu. Kaimu akaandika kwenye ripoti: foleni zimemalizwa.

Waziri akaja na kamera zake, na mkasi juu ya mto mwekundu. Mama mkwe alikaa mbele, pochi mapajani. Waziri akapapasa stika moja kwa kidole, akasema hivi ndivyo vitu tunavyovitaka. Kisha kompyuta ya Kaimu ikaunganishwa na projekta ili picha itokee ukutani, Waziri abonyeze kitufe, mtu athibitishwe.

Ukuta ukawaka. Ikatokea picha ya Kaimu, tai imekaza, chini yake jina lake lote ambalo wengi walilisoma kwa mara ya kwanza. Na chini ya jina, upande wa kulia, kwa herufi kubwa kama meza: NAKALA HII SI HALALI.

Stika ilikuwa palepale kwenye skrini. Ukuta haukuwa na habari nayo.

"Bandikeni," Kaimu akanong'ona. "Ukutani. Bandikeni."

Katibu wake akapanda kiti na furushi la stika. Kila alipobandika, maandishi yalitokea juu ya stika, yakapita kwenye mkono wake, yakamkaa mgongoni. Halafu mashine ikajizima.

"Mashine hii ya nani?" Waziri akauliza.

"Yangu, mheshimiwa."

"Na kanuni zinasemaje?"

Akajibu Shangazi, aliyekuwa mlangoni kufuata soda. "Mashine na mtumiaji wake, stoo. Muulizeni, kaandika mwenyewe."

Waziri alikuwa na mkasi mkononi na kamera usoni, kwa vyovyote vile lazima kitu kizinduliwe. Msafara ukateremka stoo, Kaimu mbele, kompyuta kifuani. Kule wakakuta foleni ndefu, printa inanguruma, na kona zote za kulia safi.

"Huu ndio mpango wenyewe?"

"Ndio huu, mheshimiwa," fundi akasema bila kupepesa macho.

Utepe ukafungwa kwenye mlango wa stoo na kukatwa. Waziri akainama kwenye skrini ya Shangazi, akaziona karata, akawaambia waandishi kwamba hiyo ni grafu ya mafanikio. Shangazi akathibitishwa kuwa Mkurugenzi kamili. Akauliza kama cheo kina posho, kisha akakubali.

Msafara ulipoondoka, Kaimu alikuwa bado amekumbatia kompyuta yake.

"Na mimi?" akauliza.

"Weka hiyo chini, tutaiwekea karata," Shangazi akasema. "Kuna huo mlango. Ukiuachia unajifunga, watu wanabaki nje. Ushikilie mpaka aje fundi seremala."

Kaimu akaushikilia. Watu wakapita, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya mama mkwe, aliyefuata cheti chake cha kuzaliwa ambacho kule juu walimzungusha miaka na miaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Akautazama mlango kuanzia bawaba hadi kitasa, akamtazama yeye. "Na huo ni wako kabisa, au unamshikia mtu?"