Lenzi Yenye Fangasi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Reginald ametuma picha ya hondohondo kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la wapiga picha wa kujifurahisha. Ndege yuko juu ya mti kando ya Ziwa Duluti na kope zake zinaonekana moja moja. Kope! Sikujua ndege ana kope. Sikuhitaji kujua.

Reginald anafanya kazi benki na ana lenzi ndefu kama bomba la maji machafu. Mimi nauza rangi na mabati, na lenzi yangu ni ile iliyokuja na kamera, kamera yenyewe ikiwa imeshapita kwenye mikono ya watu ninaoshuku hawakuipenda. Na mimi nilimpiga hondohondo juzi. Nikamwonyesha mke wangu, Sia. Akasema mti mzuri.

Jioni, kikao cha kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Anneth, mdogo wake Sia, kabla ya ndoa. Mwenyekiti akasoma bei ya mpiga picha. Watu wakaguna. Nikajikuta nimesimama. Nikasema fedha hiyo iongezwe kwenye ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, picha atapiga shemeji, bure. Makofi! Mama mkwe akafuta machozi. Anneth akanikumbatia. Sia hakupiga makofi. Alinitazama kama anavyotazama maziwa yanapokaribia kufurika jikoni.

Tatizo dogo: ukumbi una giza kama stoo, na lenzi yangu gizani ni kipofu. Nahitaji lenzi inayopokea mwanga mwingi. Mpya ina bei ya ng'ombe. Basi, mtumba.

Jumatatu, 4 Agosti

Sokoni Kwa Mrombo, baada ya kazi. Kuna Koikai, anauza pasi, redio na vitu ambavyo hata yeye hajui ni vya nini. Katikati ya pasi, lenzi! Kioo kinang'aa. Koikai hakutaka fedha, alitaka blenda. Ajabu ya Mungu, nyumbani tuna blenda. Nikaifuata, nikarudi, tukabadilishana. Niliondoka haraka kabla hajagundua nimempunja.

Nyumbani lenzi ikakataa kuingia. Kumbe ni ya kampuni nyingine, shingo yake haioani na kamera yangu. Sikuwa nimeangalia. Nani huangalia? Lenzi ni lenzi. Nikaifunga kwa selotepu, nikamwelekezea Sia akiwa anapika. Ikadondoka kwenye sufuria ya mtori wa ndizi.

Sia akaitoa kwa mwiko. Kisha akauliza blenda iko wapi. Nikasema kwa fundi. Akasema haikuwa imeharibika. Nikamwambia kinga ni bora kuliko tiba.

Jumatano, 6 Agosti

Koikai amekataa kurudisha. Amesema blenda imeshapata mtu. Tapeli! Mji huu umejaa watu wasio na haya.

Mchana Reginald alikuja dukani kununua rangi ya geti. Anapenda kuongea, hasa akijua unaumia. Akasema huko Nkoaranga kuna bibi mjane, Bibi Evaresta. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu aliyependa sana kupiga picha. Kamera alichukua mjukuu, lenzi ikabaki, na bibi anataka kuiuza. Akanionyesha picha ya hiyo lenzi kwenye simu. Lenzi ya kupiga picha za watu, inapokea mwanga kama dirisha la kanisa. Na shingo yake ni ya kamera yangu! Safari hii niliangalia.

Reginald akasema anakwenda Jumapili baada ya ibada. Twende wote, akasema, na ikinifaa nichukue mimi, kwa kuwa yeye ana za kutosha.

Mtego wa wazi kabisa. Hakuna mwanadamu mwenye lenzi za kutosha.

Nikamwambia Jumapili nina kikao. Nitakwenda Ijumaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Sia na Anneth wamekwenda kwenye maonyesho Njiro. Nikasema nabaki kuhesabu mabati dukani. Ukweli ni kwamba saa tatu nilikuwa Nkoaranga napanda njia ya mteremko katikati ya migomba na kahawa, viatu vya ibada vikiteleza kwenye tope. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu. Labda haukutaka kuona.

Mpango wangu ni mzuri sana. Nimeusoma kwenye mtandao: ugonjwa wa lenzi za zamani ni fangasi. Unyevu ukiingia, fangasi wanaota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na bei inaanguka. Bibi hawezi kujua kama wapo au hawapo. Mimi ndiye mtaalamu.

Nikabisha hodi. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibu sana. Kabla sijasema shida yangu nimeshapewa maziwa mgando na ndizi. Bibi Evaresta ni mdogo wa umbo, kanga mbili, macho makali, nyumba safi kiasi kwamba nilikalia ncha tu ya kiti. Ukutani kuna picha yake akiwa bado kijana, amebeba kikapu cha kahawa kwenye njia ileile niliyoteleza, anacheka. Akasema marehemu aliipiga kwa lenzi hiyohiyo. Alimfuata njia nzima akimwambia asimame, yeye akikataa, ndiyo maana anacheka.

Nilihisi kitu kikinichoma kifuani. Nadhani ni yale maziwa.

Akaileta ndani ya soksi ya sufu, akataja bei. Jamani! Kioo safi kama maji ya mfereji wa mlimani. Hakuna hata vumbi. Nikaiinua kwenye mwanga, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Bibi," nikasema, "pole sana. Hii lenzi ina fangasi."

Akashika mdomo. "Fangasi? Hawa wa miguuni?"

"Ukoo mmoja."

"Mungu wangu! Na mwalimu alikuwa anaiweka jichoni!"

Nikamwambia asihuzunike, kwamba ili kumwokoa na aibu naweza kumwondolea kwa bei ndogo. Akakataa! Akasema hawezi kumuuzia mtoto wa mwenzake kitu chenye ugonjwa, Mungu anaona. Akasema nirudi kesho, apate muda wa kufikiri. Akanishika mkono na kuniombea: Bwana awabariki vijana wachache waliobaki wanaosema ukweli.

Nilishuka mlima nikipiga mluzi. Kesho bei itakuwa imeanguka yenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandikeje.

Nilifika asubuhi. Bibi Evaresta alinipokea uwanjani akiwa na furaha ya Krismasi. Njoo uone, mwanangu, njoo! Akaniongoza hadi kwenye kichanja cha vyombo. Pale, kati ya sufuria na bakuli, lenzi ilikuwa imelala inaanikwa.

Ameiosha. Aliichemsha kidogo kwanza, fangasi hawapendi moto. Halafu sabuni. Halafu majivu na stilwaya ya kusugulia sufuria, mbele na nyuma, mpaka mkono ukamuuma. Mwisho akaipaka dawa ya fangasi ya miguu iliyobaki ya marehemu.

"Tazama sasa," akasema. "Kuna fangasi hapo?"

Nikatazama. Kioo kilikuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikaitikisa. Maji yakasikika ndani.

"Hakuna, bibi," nikasema.

"Basi sasa naweza kukuuzia kwa moyo mweupe. Bei ile ya mwanzo. Jana ningekudhulumu."

Ningesema nini? Kwamba jana ilikuwa nzima? Nani aliyesema haikuwa nzima? Nikalipa. Bei kamili, bila kuomba hata apunguze kidogo. Na kwa kuwa mimi ni mkweli, akanizawadia mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Nikashuka nao mteremko mzima begani, lenzi mfukoni ikinuka dawa ya miguu.

Nilianguka karibu na daraja. Ndizi hazikuumia.

Jumapili, 10 Agosti

Sia amerudi kutoka ibadani na blenda mkononi. Kumbe Ijumaa kule Njiro alinunua juisi ya parachichi kwenye banda moja, akaona blenda yenye alama ya kuungua pembeni, alama ambayo aliiweka mwenyewe. Leo amekwenda kuikomboa. Ameiweka mezani mbele yangu na kusema, "Baba Ezra, fundi wako anakusalimia." Kisha akaingia kusaga ndizi. Hajaongea nami tangu hapo. Blenda inapiga kelele sana.

Jioni akaja Reginald. Alikuwa Nkoaranga. Akasema Bibi Evaresta alimwambia lenzi imeshauzwa, lakini akamtolea nyingine kabatini. Mwalimu alikuwa na mbili! Mbili! Na hii ya pili ni bora kuliko ile. Bibi alikuwa ameshika stilwaya tayari, kwa sababu kijana mmoja mwaminifu sana alimfundisha habari za fangasi. Reginald akamzuia mkono. Akamwambia lenzi hii ni nzima, mama, na unaiuza kwa bei ya chini mno. Akamwongezea.

Nikamwambia huo ni upumbavu wa kibiashara.

"Huyo kijana mwaminifu," akasema Reginald, "bibi anasema anauza mabati."

"Arusha ina wauza mabati wengi."

Akatazama mkungu wa ndizi. Akaaga.

Jumapili, 17 Agosti

Sendofu ilikuwa jana. Niandike kwa ufupi, heshima yangu haina nguvu.

Nilipiga picha usiku mzima. Kupitia lenzi ya bibi, ukumbi ulionekana kama Mlima Meru mwezi huu: mawingu tu. Anneth aliingia na gauni lake la kijani, uso umepambwa asubuhi nzima, amependeza kweli, nalisema bila kejeli. Kwenye kamera yangu ni mvuke wa kijani. Mama mkwe ni mvuke wa zambarau. Ndafu ni mvuke wenye pembe.

Nilipowaonyesha nikasema ni mtindo mpya, unaitwa ndotoni. Mjomba mmoja akasema hizo ndoto anazijua, anaziota akiwa na malaria. Watu wakacheka. Anneth hakucheka. Aliangalia picha moja, akaangalia ya pili, akanirudishia kamera taratibu na kusema, "Asante shemeji, umejitahidi." Ile taratibu yake! Angenipiga kibao ningelala vizuri zaidi. Akageuka ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Sia akamfuata. Mimi nikabaki nimeshika kamera kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Halafu Reginald. Alikuwa mgeni wa upande wa bwana harusi, wanafanya kazi benki moja. Nilidhani amekuja kula. Kumbe alikuwa na lenzi ya kabatini, na alikuwa anapiga kimya kimya kutoka kwenye kiti chake. Akamwita Anneth, akamwonyesha. Nilichungulia begani. Gauni lile, kila uzi. Chozi la mama mkwe, limesimama shavuni. Anneth akalia tena, lakini kilio kingine. Reginald akasema ni zawadi, hadai kitu, na kwamba hata hivyo picha za kuingia ukumbini hakupata, maana shemeji alikuwa amesimama mbele.

Wakamkatia kidari cha ndafu. Mimi nikapewa kazi ya kugawa soda.

Usiku Sia aliongea hatimaye. Akasema kesho niende kwa Reginald nimshukuru, na siku nyingine nipande Nkoaranga nimwambie yule bibi ukweli. Nikamjibu nimejifunza. Akauliza nimejifunza nini. Nikajifanya nimesinzia.

Jumanne, 19 Agosti

Kwa Reginald sijakwenda, nina mafua. Nkoaranga kuna tope.

Lakini nimekaa nikatafakari kwa uaminifu, kama mtu mzima, kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Uongo ulikuwa mdogo mno. Mtu ukimwambia kitu chake kina ugonjwa, atakitibu. Ni tabia ya binadamu. Inatakiwa mwenye mali aogope kabisa kuwa nayo.

Sasa. Mteja mmoja dukani ameniambia kuna mkulima wa vitunguu kule Nduruma, anaitwa Gidion. Mzungu aliyewahi kuishi kwake alimwachia lenzi ndefu, ndefu kuliko ya Reginald, na Gidion anaitumia kukuza wadudu waliomo kwenye majani ya vitunguu. Kuchungulia wadudu! Kitu kama hicho! Kope za hondohondo zitakuwa zangu.

Nitakwenda leo kama ofisa kutoka wilayani. Nitamwambia lenzi ndefu zinatakiwa kusajiliwa, asiyesajili anashtakiwa, lakini mimi naweza kuichukua kimya kimya nikaiteketeze. Nimeazima gambuti, kofia ya bwana shamba na ubao wa kuandikia. Najitazama kwenye kioo, hata mimi najiogopa.

Sia ameniona mlangoni. Ameuliza naelekea wapi na gambuti. Nimesema kwenye maombi.

Amenitazama miguu, akanitazama kofia, akasema niwasalimie wapendwa.

Nadhani ameamini.