Boti Si Sufuria

Jumapili, 5 Juni 1994
Leo mimi ni mkurugenzi. Nina boti! Ya alumini, viti sita, pua imechongoka. Hans wa Njiro aliinunua kwenye mnada wa shirika lililovunjwa, ikamkalia uani bure. Nimembadilishia na Rozi, ng'ombe wa mke wangu, Mama Irine. Watalii watatembezwa Ziwa Duluti, usukani nitashika mwenyewe. Siku hizi kila kitu ruksa.

Mama Irine alikuwa kanisani. Aliporudi akauliza Rozi yuko wapi. Nikamwonyesha boti. Hajasema neno mpaka sasa, na mimi humwogopa zaidi akinyamaza.

Jumatatu, 6 Juni
Amesema. Ama boti ielee Duluti Jumamosi, ama irudi Njiro na Rozi arudi nyumbani. Hans amekubali, mradi boti irudi kama ilivyotoka. Asubuhi nimekunywa chai ya rangi. Chungu!

Jumanne, 7 Juni
Balaa. Boti ina madoa meupe tumboni, ukiyakwangua yanatoka unga. Kutu ya alumini! Hans amekuja kuangalia, anachechemea. Gauti hiyo, nyama choma zimemzidi. Akanishauri niioshe kwa maji safi, niikaushe, halafu nifunge chini vile vipande vya zinki alivyonipa pamoja na boti, ili kutu iitafune zinki, iiache boti.

Nilicheka moyoni. Nani amewahi kuifuga kutu na kuilisha? Anataka tu madoa yabaki, nishindwe, anicheke mimi mtu wa Sombetini. Zinki yake nazuilia mlango.

Jumatano, 8 Juni
Dawa nimepata! Mama Irine hupika sabuni, ana kopo zima la kostiki soda. Kitu kinachogeuza mafuta kuwa sabuni kitashindwa na doa? Akaniona nalo. Akasema hata mtoto anajua magadi huharibu sufuria, sembuse kostiki. Nikamweleza kwa upole kwamba boti si sufuria. Akatikisa kichwa, akaenda kuchota maji.

Nimekoroga ndoo nzima, nikamimina ndani ya boti. Ikachemka bila moto! Povu, mvuke, chwaaa! Madoa yanaomba msamaha. Nimefunika turubai, nitafunua asubuhi.

Alhamisi, 9 Juni
Madoa hayapo. Pale yalipokuwa, napo hapapo. Matundu! Kila tundu kidole kinapita. Dawa yote imevujia kwenye mchicha, nao umekufa.

Nimekaa chini nikaogopa kweli. Hans hawezi kuipokea boti hii. Kwa hiyo isipoelea, Rozi ndiyo basi tena.

Lakini mkurugenzi hakati tamaa. Nimeziba matundu kwa miche miwili ya sabuni ya Mama Irine, nikashindilia vizuri, juu nikapaka rangi ya fedha. Inameta kuliko jana!

Jumamosi, 11 Juni
Duluti. Baridi na ukungu. Nimevaa suti ya harusi. Hans na mkewe Evelyn wamekuja, Mama Irine amesimama kando amefunga mikono. Nikapanda. Ikaelea! Nikavua kofia nikawapungia.

Kisha povu. Kwanza dogo, miguuni. Halafu likajaa boti nzima. Evelyn akasema hajawahi kuona boti inayojifua yenyewe. Nilizama taratibu, nimesimama wima, hadi kiunoni. Nilitoka majini nikinukia vizuri.

Hans akasema hiyo haipokei hata bure. Mama Irine hakugomba. Alijifuta machozi kwa upindo wa kitenge, akatangulia barabarani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ijumaa, 24 Juni
Rozi yuko nyumbani! Kumbe Hans hakuwa na gauti. Rozi alimpiga mateke tangu siku ya kwanza, na mpaka jana hakukubali kukamuliwa na mtu yeyote Njiro. Mama Irine alizipata habari hizo baada ya Duluti, akatulia akasubiri. Evelyn alipokuja mwenyewe na ndoo iliyobonyea, mke wangu alikuwa tayari. Boti alishaitoa ziwani akaipeleka kwa mafundi wanaoyeyusha alumini na kusubu sufuria. Akampa Evelyn sufuria sita na vifuniko vyake, akafuatana naye Njiro, akamswaga Rozi mpaka nyumbani.

Sufuria kubwa imebaki kwetu. Mchana tumekula loshoro kutoka humo, mahindi na maziwa ya Rozi. Mama Irine akaniuliza kama boti ni sufuria au si sufuria. Nikaitikia kwa kichwa, mdomo ulikuwa umejaa. Akacheka! Karibu wiki tatu sijausikia mcheko ule.

Sasa ameenda mazoezi ya kwaya. Sufuria yake mpya imeshika masizi na ukoko, na mimi nataka nimfurahishe. Kopo la kostiki bado lina nusu. Nimekoroga, nimejaza mpaka juu, nimefunika.

Safari hii hakuna hofu. Sufuria si boti.